Pikapu Inayogoma Kuwaka Ikiwa Moto: Mwongozo kwa Madereva na Wamiliki

Asubuhi iliwaka mara moja. Umepakia vitunguu Ruaha Mbuyuni, umepanda mlima Kitonga taratibu, umefika Ilula ukazima ili upate chai. Baada ya dakika ishirini unapiga stata, pikapu haitaki. Ukiiacha saa nzima inawaka yenyewe, kama vile hakukuwa na neno.

Kijitabu hiki kinahusu ugonjwa huo, hasa kwenye pikapu za dizeli zenye pampu ya kizamani isiyo na kompyuta. Wenye magari wengi hubadilisha betri, kisha hita plagi, kisha filta, na pesa ikiisha ndipo wanaanza kupima. Pima kwanza.

Joto hupanda baada ya kuzima

Injini ikizimwa, feni na pampu ya maji husimama, lakini chuma bado kimebeba joto lote la mlimani. Kwa dakika kadhaa stata, pampu ya dizeli na sensa hupata moto kuliko gari lilipokuwa likitembea. Ndiyo maana ukizima na kuwasha papo hapo huenda usione shida. Shida inakusubiri umalize chai.

Sikiliza stata

Ikizunguka kwa uvivu, au ikisema "ta" na kunyamaza, tafuta kwenye umeme. Shaba ikipanda kutoka nyuzi 30 hadi 90 za Selsiasi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu robo. Stata yenye kaboni zilizolika au waya wenye kutu huvumilia asubuhi. Kwenye joto haina tena pa kujificha.

Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Mwenzako apige stata huku ukisoma mita: ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, apige tena. Ukiona zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea kwenye waya wa hasi au viungo vyake. Fungua, piga msasa, kaza. Tiba hiyo ni bei ya kipande cha msasa, na inasikitisha jinsi inavyojaribiwa mwisho.

Stata inazunguka vizuri, injini haishiki

Hapa wengi hukimbilia hita plagi. Kazi ya hita plagi ni kusaidia injini ya baridi. Silinda zikiwa na moto wa Kitonga hazina haja nayo. Ringi zilizolika nazo kwa kawaida husumbua zaidi asubuhi. Mshukiwa mkubwa ni pampu.

Ndani ya pampu kuna pistoni ndogo inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli. Nafasi kati yake na nyumba yake ni nyembamba kuliko unywele. Uchafu na maji huikwangua miaka nenda rudi, nafasi ikapanuka. Dizeli ya baridi ni nzito kidogo, kwa hiyo bado inasukumika. Ikipata moto inakuwa nyepesi, na stata inavyozunguka polepole, dizeli inapata muda wa kurudi nyuma kupitia hiyo nafasi badala ya kwenda kwenye nozeli. Injini ikishawaka pampu inazunguka kwa kasi, dizeli haina muda wa kuvuja, na gari linavuta kama kawaida. Hilo ndilo linalowadanganya watu: wanasema pampu ni nzima kwa sababu gari lina nguvu barabarani.

Hata kusukuma hudanganya. Pikapu ikiteremshwa na kuachiwa klachi, injini huzungushwa kwa kasi kuliko stata inavyoweza. Ikiwaka hivyo, usiseme tayari kwamba betri mbovu. Pampu iliyolika nayo huponea hapo hapo.

Jaribio lake ni hili. Pikapu ikiwa imegoma na injini imezimwa, lowesha tambara kwa maji ya kawaida, funika pampu kwa dakika tano hadi kumi, kisha piga stata. Ikiwaka, una ushahidi mzito dhidi ya pampu. Usimwage maji ya baridi juu yake: chuma kikishtuka hujibana, na pampu inaweza kukwama kabisa.

Kabla ya kuifungua, hakikisha mambo mawili. Washa swichi bila kupiga stata usikilize mlio mdogo wa vali ya kufungulia dizeli. Koili yake pia huweza kufa kwa joto na kufufuka ikipoa. Kisha bonyeza pampu ya mkono juu ya filta. Ikiwa laini na kukubali mabonyezo mengi, kuna hewa inayoingia njiani. Vyote vikiwa sawa, pampu iende kwa fundi mwenye mashine ya kuipimia. Toa maji yaliyojikusanya kwenye filta na usafishe tangi wakati huo huo, la sivyo pistoni mpya italiwa na uchafu ule ule.

Usipulizie petroli wala etha kwenye njia ya hewa. Ikikutana na hita plagi inayowaka inaweza kulipuka. Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo; ipumzishe dakika moja.

Pikapu za aina nyingine

Ya petroli yenye kabureta mara nyingi hufurika, kwa sababu petroli huchemka kwenye bakuli lake. Ukinusa harufu kali, kanyaga mafuta hadi mwisho, shikilia bila kupampu, piga stata. Zenye kompyuta, za petroli au dizeli, anza na sensa ya krenki: mshale wa mizunguko usipotikisika wakati wa stata, ishuku hiyo sensa. Dizeli za kisasa huweza pia kuvujisha kupitia nozeli, lakini usilegeze bomba lolote. Presha hupita baa 1,000 na hutoboa ngozi.

Usipeleke pikapu gereji asubuhi ikiwa imepoa, maana itawaka na fundi atakurudisha. Ifikishe ikiwa moto, uizime mbele yake, msubiri pamoja dakika ishirini.