Kiharusi: Nani Asome Picha ya Ubongo?

Leo tujifunze juu ya kiharusi. Mtu alikuwa mzima. Ghafla mdomo unapinda, mkono na mguu wa upande mmoja vinalegea, maneno hayatoki. Wengine husema karogwa. Hapana. Sehemu ya ubongo wake imekosa damu.

Ugonjwa huu si wa mjini peke yake. Kati ya mwaka 1992 na 1995 vifo vilihesabiwa Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini. Ndugu wa marehemu walihojiwa, kisha madaktari wakasoma majibu na kuamua chanzo cha kifo. Huku kwetu Morogoro vijijini, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kiharusi kiliua kwa mwaka wanaume 35 na wanawake 27 katika kila watu 100,000. Hiyo ni zaidi ya mara 3 ya hesabu ya Uingereza na Wales ya mwaka 1993.

Kiharusi kiko cha namna mbili. Cha kwanza, damu iliyoganda imeziba mshipa. Cha pili, mshipa umepasuka na damu inavuja. Dawa ya kuyeyusha damu humfaa wa kwanza. Akipewa wa pili, yaweza kumwua! Kwa macho tu hatuwezi kuvitofautisha. Lazima ubongo upigwe picha kwa mashine iitwayo siti skani, kama zilizoko Muhimbili.

Je, nani asome picha hiyo? Mwaka 2000 madaktari wa Calgary, Kanada, walieleza njia ya kutoa alama. Sehemu ya ubongo hugawanywa vipande 10, kama tunavyogawa shamba la maharage mlimani. Kila kipande kilichoharibika, alama 1 inatolewa. Lakini picha ikiwa moja, bingwa huyu aweza kusema 8, mwenzake 6. Ndipo zikatengenezwa programu za kompyuta za kuhesabu alama.

Kompyuta haichoki, tena ina haraka. Lakini hudanganyika. Mgonjwa akitikisa kichwa, picha huharibika. Kovu la kiharusi cha zamani laweza kuhesabiwa kuwa jipya. Bingwa huuliza: aliwahi kuugua? Ilianza saa ngapi? Basi kompyuta iwe msaidizi, bingwa awe mwamuzi.

Na sisi je? Dawa ile kwa kawaida hutolewa kabla muda wa saa nne na nusu haujapita tangu dalili zianze. Kutoka Mgeta au Matombo ni mbali. Kwa hiyo:
1. Tupime presha zahanati mapema. Presha isiyotibiwa huleta kiharusi.
2. Dalili zikianza, tukumbuke saa, tumpeleke hospitali mara moja.
3. Tusimpe chakula wala kinywaji. Anaweza kupaliwa.

Maswali
1. Kwa nini dawa isitolewe kabla ya picha?
2. Bingwa anajua nini ambacho kompyuta haioni katika picha?
3. Kijijini kwetu, usiku, tutamfikishaje mgonjwa hospitali? Jadilianeni.