Antena ya Televisheni kwenye Jiji la Miamba

Anayeingia Mwanza kwa kivuko cha Kamanga huona mawe kwanza, kisha nyumba zilizojibana katikati ya mawe, na juu ya mabati huona madishi na antena. Dishi limechukua sifa nyingi miaka ya karibuni. Hata hivyo, kwenye kata za Mabatini, Igogo, Kirumba na Isamilo antena ya vijiti haijashuka kwenye bomba lake, na kuna sababu nzuri. Wengi wameinunua bila kuelezwa inafanya nini, wakaishia kulaumu king'amuzi au kampuni. Yafuatayo ni maswali yanayosikika zaidi dukani na kwa mafundi, pamoja na majibu ya kitaalamu.

Je, kuna antena maalumu ya kidijitali?

Hakuna. Antena hukusanya mawimbi yaliyomo hewani na kuyashusha kwenye waya. Haijui kama ndani yake kuna analojia au dijitali. Kazi ya kuyasoma ni ya king'amuzi, au ya televisheni yenyewe kama ndani ina kipokezi cha T2, yaani DVB-T2, mfumo wa televisheni ya kidijitali ya ardhini. Kinachotakiwa ni antena ya UHF, kwa sababu televisheni ya ardhini hurushwa kati ya megahezi 470 na 694. Kwenye megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa nusu mita, na vijiti vya antena hukatwa karibu na nusu ya hapo, yaani sentimita 25 hivi. Antena yenye vijiti virefu vinavyokaribia mita ilitengenezwa kwa masafa mengine, na hiyo haifai. Ila ile ya UHF ambayo familia ilinunua kabla ya 2013, kama haijaoza, inafanya kazi leo kama jana. Maandishi ya "HD" au "4K" kwenye boksi hayaongezi chochote, na ni vyema muuzaji aulizwe masafa kabla ya kuulizwa bei.

Mwanza ilihamia dijitali lini, na ilipata nini?

Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012. Mwanza ilifuata mwishoni mwa Februari 2013, zaidi ya miaka miwili kabla ya ukomo wa kimataifa wa tarehe 17 Juni 2015. Watu walinung'unika, na walikuwa na haki: televisheni iliyokuwa ikionyesha vizuri sasa ilihitaji kununuliwa king'amuzi.

Faida ilikuwa hewani. Zamani kituo kimoja kilikalia megahezi nane peke yake. Kwa mfumo wa T2, nafasi hiyohiyo inabeba chaneli zaidi ya kumi. Chenga nazo zikaondoka, na vile vivuli vya picha vilivyowasumbua wakazi wa vilimani vikaondoka pamoja nazo.

Inaokoa fedha kweli?

Ndiyo, ila kuna mipaka inayopaswa kusemwa wazi. Chaneli za kitaifa zenye leseni ya kutazamwa bure, kama TBC1, ITV, Channel Ten, EATV na Star TV, ambayo ni ya hapahapa Mwanza, hazikusudiwi kulipiwa kwa mwezi. Agosti 2018 jambo hilo lilionekana kwa macho. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizizuia kampuni za dishi kubeba chaneli za ndani ambazo leseni za kampuni hizo hazikuziruhusu kuzibeba, na watu wa nyumba nyingi wakakosa taarifa ya habari waliyoizoea. Mwenye king'amuzi cha antena hakuguswa.

Antena pia haili bando. Saa moja ya video ya kawaida kwenye intaneti inaweza kumeza karibu gigabaiti moja. Saa moja ya antena haimezi hata senti ya data, wakitazama wawili au ukoo mzima.

Mipaka sasa. Haki za kuonyesha Ligi Kuu Bara ni za Azam, kwa mkataba wa miaka kumi uliotiwa saini 2021 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Shabiki wa Simba au Yanga asidanganywe kwamba vijiti vya alumini vitamletea mechi hizo bure. Vilevile, televisheni yenye T2 ndani husoma chaneli zisizofungwa tu. Zilizofungwa zinataka king'amuzi cha kampuni husika, na king'amuzi cha dishi hakisomi mawimbi ya antena.

Kwa nini dishi la jirani linakata mvua ikinyesha na antena haikati?

Dishi la kawaida hupokea mawimbi ya gigahezi 11 hadi 12, yenye urefu wa sentimita mbili na nusu hivi. Tone nene la mvua lina milimita kadhaa, kwa hiyo kwa wimbi dogo kiasi hicho ni kizuizi halisi: mvua kubwa huyanyonya mawimbi hayo na kuyatawanya. Wimbi la UHF la nusu mita hupita katikati ya matone hayo karibu bila kupungua. Masika ya Kanda ya Ziwa, wingu likishatanda kutoka ziwani, ndipo tofauti hii hudhihirika. Na ni wakati huohuo ambapo mtu anahitaji zaidi kusikia habari za hali ya hewa.

Nyumba iko nyuma ya kilima. Ifanyweje?

Hili ndilo swali la Mwanza hasa, na ndilo linalowagharimu watu zaidi. Mawimbi ya UHF husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Kilima cha granaiti kikisimama kati ya nyumba na mnara, nyumba hubaki kivulini. Ndiyo maana nyumba mbili zinazotenganishwa na jiwe moja zinaweza kutofautiana kabisa: moja inaona chaneli zote, nyingine inaona kioo kitupu. Analojia ilikuwa ikidhoofika polepole na mtu akaendelea kutazama chenga. Dijitali hutoa picha safi hadi kwenye kikomo fulani, kisha picha inaganda, inavunjika vipande, inatoweka.

Hatua ya kwanza ni kuitoa antena ndani ya nyumba. Bati la paa ni ukuta wa chuma, na antena iliyofichwa chini yake inaanza mbio ikiwa imefungwa miguu. Hatua ya pili ni kuipandisha na kuisogeza. Mita mbili za kushoto au kulia huweza kuitoa kwenye kivuli cha jiwe.

Kama bado haipati, mafundi wazoefu hufanya jambo linaloshangaza wengi: huigeuza antena iutazame mwamba wa upande wa pili. Mwamba hurudisha sehemu ya mawimbi, na T2 imeundwa kuyavumilia mawimbi ya kurudi, hata kuyatumia. Enzi za analojia mawimbi hayohayo ndiyo yaliyoleta vivuli kwenye picha. Wakati wa kugeuza, jicho liwe kwenye kipimo cha ubora kinachopatikana kwenye menyu ya king'amuzi, si kipimo cha nguvu peke yake. Nguvu nyingi zenye ubora mdogo haziwezi kutoa picha.

Na walioko Ukerewe na visiwani?

Maji hayana vilima, ila dunia imepinda. Chukulia mnara uliosimama mita 100 juu ya usawa wa ziwa: upeo wake wa mawimbi ni kilomita 41 hivi. Antena ya mita 4 huongeza kilomita 8, ya mita 9 huongeza 12. Kutoka Mwanza hadi Nansio, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita zinazokaribia 50. Hesabu hiyo inaonyesha kwa nini kurefusha bomba kwa mita tano kunaweza kuamua kama nyumba inapata picha au haipati.

Kuna mtego mmoja wa ufukweni. Jioni tulivu, hewa ya baridi inapolala juu ya maji chini ya hewa ya joto, mawimbi hupinda na kufika mbali kuliko kawaida. Chaneli za mbali hujitokeza usiku na kupotea kesho yake mchana. Kwa hiyo fundi aliyefunga antena jioni arudi kuipima saa sita mchana kabla ya kulipwa malipo ya mwisho.

Busta inasaidia?

Mara chache. Busta hukuza kilichopo, pamoja na kelele zake. Kama antena haijapata kitu, busta haina cha kukuza. Tatizo mara nyingi ni waya. Mita 20 za waya mzuri aina ya RG6 hupoteza takriban nusu ya nguvu ya mawimbi, na ule mwembamba hupoteza zaidi. Viungio vilivyofungwa kwa selotepu huingiza maji. Busta ikihitajika, ikae juu karibu na antena, kabla waya haujapunguza kitu, si nyuma ya televisheni.

Bomba nalo liwe imara. Kunguru hawana madhara makubwa, lakini korongo wale wakubwa wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wana uzito wa kupinda antena nyepesi.

Vipi kuhusu radi?

Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi duniani, hasa usiku. Bomba la chuma lililo juu ya paa linapaswa kuunganishwa ardhini kwa waya mnene wa shaba hadi kwenye nondo iliyochimbiwa, na lisimamishwe mbali na nyaya za umeme kiasi kwamba hata likianguka halizigusi. Wingu likianza kunguruma, zichomolewe zote mbili: plagi ya umeme na waya wa antena. Wengi huchomoa plagi tu na kuacha njia ya pili wazi hadi sebuleni.

Antena moja inatosha televisheni mbili?

Inatosha, kwa kigawanyio, mradi kila televisheni iwe na king'amuzi chake au T2 ndani. Kila upande utapata chini ya nusu ya mawimbi, hivyo ubora upimwe kwanza. Ukiwa unasuasua kwa televisheni moja, ya pili isubiri hadi bomba liongezwe.