Kagua mabomba kabla ya kiangazi

Mvua za vuli zikiisha Desemba, mitaa mingi hurudi kupata maji kwa zamu. Tafuta uvujaji nyumbani kwako mapema.

Chagua usiku ambao maji yapo. Subiri tangi la juu lijae, kisha funga mifereji yote. Andika nambari zote za mita, hata zile nyekundu. Alfajiri, kabla ya yeyote kuoga, zisome tena. Zikiwa zimesonga, kuna mahali panapovuja. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20, na maji yakishapita mita, yakimwagika ni bili yako.

Mshukiwa wa kwanza ni choo, maana huvuja kimya. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi lake na usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikiteremka chini, mpira wa ndani umechakaa. Mfereji unaodondoka nao mara nyingi hutaka washa mpya tu. Kuukaza kwa nguvu huuharibu zaidi.

Choo kikiwa sawa na mita bado inasonga, tazama uani palipo na nyasi mbichi ilhali kwingine kumekauka. Fundi aanze kuchimba hapo.