Mtoto akinunua mchezo kwa pesa yako

Muuza karoti za Mgeta pale Soko la Kingalu, Morogoro, siku hizi anaweza kuwa na kadi ya malipo ndani ya simu ileile ambayo jioni mwanawe anaichezea. Mtoto anabonyeza sanduku la almasi kwenye mchezo. Asubuhi ujumbe unaingia: fedha zimekatwa.

Usimpige. Muulize taratibu alibonyeza nini, kisha hifadhi picha ya ujumbe inayoonyesha tarehe, kiasi na jina la programu.

Halafu harakisha. Kama programu ilitoka Google Play, fungua orodha ya manunuzi kwenye akaunti yako, uombe kurejeshewa ndani ya saa 48. Ukichelewa, mara nyingi utaelekezwa kwa aliyeitengeneza programu, na huko ni safari ndefu. Lakini dai, wengine wamewahi kurejeshewa: mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana Apple ikakubali kurejesha angalau dola milioni 32.5 kwa wazazi waliokatwa namna hii.

Ikishindikana, peleka malalamiko ya maandishi kwenye benki yako. Usiporidhika, nenda Benki Kuu. Kilichokatwa kikiwa salio la simu, anza na kampuni ya simu, kisha Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA).

Na leo hii, kabla hujalala, weka Google Play iombe uthibitisho kwa kila ununuzi. Nenosiri liandike mwenyewe. Usimwambie mtoto akuandikie, hata kama miwani umeisahau.