Mlima Ruwenzori na Maji Yake

Mtu akaaye Beni, akitazama upande wa mashariki, mara nyingi huona mawingu matupu. Nyuma ya mawingu hayo umesimama Ruwenzori. Urefu wa safu yake ni kilometri 120 hivi, na kilele chake kikuu, Margherita, chafikia metri 5,109. Katika Afrika ni Kilimanjaro na Kenya tu zinazoupita. Stanley alipiga kambi karibu nao mwaka 1876 asiitambue theluji yake. Aliiona mwaka 1888, mawingu yalipofunguka.

Je, Ruwenzori ulitoka moto kama Nyiragongo? Hapana. Nchi yenyewe ilipasuka, bonde la Semliki likashuka, na mwamba mkubwa ukainuliwa polepole.

Apandaye kutoka Mutwanga huacha mashamba, hupita msitu, kisha mianzi. Juu zaidi huona lobelia na senesio, ambazo jamaa zake za bondeni ni majani madogo tu. Huko hupita kimo cha mtu. Senesio haitupi majani yake makavu, bali huyashika shinani yawe nguo yake, maana kila usiku baridi ni kali.

Lakini mali kubwa ya mlima huu ni matope yake, ingawa wapandaji huyanung’unikia. Mimea laini iliyofunika mawe na magogo hunywa mvua, kisha huiachilia tone kwa tone. Ndiyo maana mito haikauki wakati wa kiangazi. Maji ya upande wa Kongo huingia Semliki. Mengi ya upande wa Uganda huzunguka kwanza kwa ziwa George na ziwa Edward. Yote hufika ziwa Albert, halafu Nili, mpaka Misri.

Mwaka 1906 barafu ilifunika zaidi ya kilometri za mraba 6. Mwaka 2003 haikufika hata 1. Wengi hudhani barafu ndiyo inayolisha mito. Sivyo: ilishayo mito hasa ni mvua, ikishikwa na msitu na matope. Barafu mwanakijiji hawezi kuirudisha. Msitu aweza kuuacha usimame. Mtelemko uliovuliwa miti hauzuii maji. Mvua hushuka mbio pamoja na udongo wa shamba. Na mito ya Ruwenzori ina nguvu: mwaka 2013, na tena mwaka 2020, Nyamwamba ilifurika upande wa Uganda, ikabomoa nyumba na madaraja.

Leo vilele vimo katika mbuga mbili, Virunga kwa Kongo, na ile ya Uganda iliyowekwa mwaka 1991. Chini ya mipaka hiyo hulima Wanande na Wakonzo, watu wa lugha moja, nao huteka maji yashukayo kutoka juu.