Kufuli la Nje: Haki za Ndugu Yako Mwenye Ulemavu wa Akili

Tuseme unaishi Mchukwi, wilayani Kibiti. Mpunga umeanza kukomaa bondeni, na familia inahamia dunguni kulinda ndege na nguruwe. Nyumbani anabaki kaka yako wa miaka 34, mwenye ulemavu wa akili. Anakula mwenyewe, anachota maji, anawatambua majirani kwa sauti zao. Hesabu ya fedha ndiyo inayomshinda, na akishika njia ya mtoni hajui pa kuishia. Mama anamwekea sufuria ya wali na kata ya maji, anavuta mlango, anapiga kufuli kwa nje. Jioni atarudi. Si kwamba hampendi mwanawe. Anaogopa mamba.

Je, sheria inasemaje kuhusu kufuli hilo?

Inasema halina kibali. Ibara ya 15 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kila mtu, na anayenyang'anywa uhuru huo lazima anyang'anywe kwa sheria na kwa utaratibu wake. Kumfungia mtu isivyo halali ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Lakini sheria hazikuishia kumnyooshea mama kidole. Zimetaja pia nani anapaswa kumsaidia ili kufuli lisihitajike, na hapo ndipo wengi wetu hatujawahi kubisha hodi.

Ulemavu na ugonjwa

Ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili ni mambo mawili. Mwenye ulemavu wa akili huzaliwa nao au huupata utotoni. Hujifunza polepole na huhitaji kuelekezwa zaidi ya wenzake, na hakuna kidonge cha kuuondoa. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na una tiba. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana mabadiliko ya ghafla ya tabia yapelekwe kwa daktari badala ya kusemwa "ndivyo alivyo".

Na kitu kimoja zaidi: mwenye miaka 34 ana miaka 34. Kumwita "mtoto wetu" kwa mapenzi hakuna ubaya, ila sheria haimhesabu mtoto. Hata "zezeta" na "taahira" si majina ya mtu.

Aishi wapi, na nani?

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inataka mtu mwenye ulemavu asaidiwe kuishi kwa kujitegemea kadiri awezavyo, akiwa ndani ya jamii yake. Wajibu huo imeugawa kwa ndugu, mamlaka za serikali za mitaa, vyama vya watu wenye ulemavu na jamii. Tanzania pia iliuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara yake ya 19 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuchagua pa kuishi na wa kuishi naye sawa na wengine, bila kulazimishwa makazi fulani.

Watu wakisikia "makazi yenye usaidizi" hufikiria jengo lenye geti na mlinzi. Kwetu Kibiti, makazi hayo mara nyingi ni nyumba ileile ya urithi, chumba cha uani, na dada aliyeachiwa kazi yote. Kwa hiyo ubora wa huduma haukaguliwi mbali. Unakaguliwa hapo uani.

Kama familia inafikiria kumpeleka kwenye kituo, ulizeni kwanza usajili wake, na muulizeni Afisa Ustawi wa Jamii kama anakitambua. Mwaka 2016 jimbo la Gauteng, Afrika Kusini, liliwahamisha watu wenye ugonjwa wa akili na ulemavu wa akili kutoka vituo vya Life Esidimeni, na wengi wakapelekwa kwenye mashirika yasiyo na leseni halali. Watu 144 walikufa, baadhi yao kwa njaa na kukosa maji. Zilikuwapo familia ambazo hazikuwa zimeambiwa hata ndugu yao amepelekwa wapi. Kituo kinachokataza ndugu kuingia bila kutoa taarifa ya siku tatu kabla, kiogopeni.

Maswali matano ya kupima malezi

Yawe ya nyumbani au ya kituoni, pima kwa maswali haya:

1. Nani aliamua? Leo amevaa shati gani, na nani alilichagua? Mpe mashati mawili uone mkono unaenda wapi. Asiyeweza kusema anaweza kuonyesha.
2. Anakula na nani? Sahani inayosukumwa mlangoni ni chakula. Sahani ya mkekani pamoja na wengine ni heshima.
3. Mlango wake unafungwa kutoka upande gani? Faragha ya kuoga na kulala ni haki yake, mradi komeo liwe ndani.
4. Daktari anaongea na nani? Mkifika Hospitali ya Mchukwi au zahanati ya kijiji, mtabibu akikuuliza wewe, "Anaumwa wapi?", jibu kwa upole: "Muulize mwenyewe, nitakusaidia akikwama." Sindano ya uzazi wa mpango au operesheni ya kufunga kizazi haifanywi kimyakimya kwa sababu ndugu wamekubaliana.
5. Siku yake ina kazi gani? Kama anachunga au kubeba maji kwa mtu, analipwa nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kazi za kulazimishwa na inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. "Tunampa chakula" hakumwondolei mwajiri wajibu wa kulipa ujira.

Mikorosho na fedha zake

Tuseme baba amefariki na ameacha mikorosho. Kaka mkubwa anavuna, anapeleka chama cha msingi, korosho zinaingia stakabadhi ghalani, malipo yanashuka kwenye akaunti yake. Mwenye ulemavu anapata kandambili mpya msimu ukiisha.

Ulemavu haumfuti mtu kwenye urithi. Jina lake liingie kwenye orodha ya warithi mirathi inapofunguliwa mahakamani, na msimamizi wa mirathi anawajibika kwake kama kwa wengine. Kumlisha ndugu hakukupi umiliki wa shamba lake. Anayemvunia aweke daftari la kilo, bei na matumizi, nalo lisomwe mbele ya familia. Pakizuka mgogoro wa ardhi, anzeni Baraza la Kata, ambalo lina siku 30 za kusuluhisha. Likishindwa, mwendelee Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Akipigwa au akiingiliwa

Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza mateso na vitendo vya kumtweza mtu. Hakuna kiboko cha "kumfundisha".

Ukiona michubuko, nguo zilizochanika, mimba, au hofu mpya kwa mtu fulani, usimwogeshe na usifue nguo. Kama hali ni mbaya, kimbilieni hospitali kwanza, fomu ya polisi ya PF3 ifuate. Baada ya kubakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, kwa hiyo anayeishi visiwani asingoje boti ya kesho kama leo ipo. Ripotini Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambalo linapokea pia watu wazima.

Mtuhumiwa atasema, "Alikubali mwenyewe." Hilo halimwokoi mtu aliyejua kwamba mwenzake hana uwezo wa kuelewa jambo lenyewe. Mwingine atasema, "Huyu hawezi kutoa ushahidi." Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaanza kwa kumchukulia kila mtu kuwa anaweza kuwa shahidi, isipokuwa mahakama yenyewe ione hawezi kuelewa maswali au kuyajibu. Mwenye kuamua hilo ni hakimu. Mjumbe na wazee wa ukoo hawana mamlaka hayo, wala ya kumaliza kesi ya ubakaji kwa mbuzi na maji ya soda.

Mama wa kufuli aanzie wapi?

Aanzie kwa Mtendaji wa Kijiji. Sheria ya 2010 imeweka Kamati za Watu Wenye Ulemavu kuanzia ngazi ya kijiji. Aulize kamati ya kijiji chake ina nani, na ilikaa lini mara ya mwisho. Kama haijaundwa, hilo ndilo ombi la kwanza.

Kisha aandike barua kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri ya Wilaya ya Kibiti, kupitia kwa mtendaji. Haihitaji Kiswahili cha mahakamani. Inatosha hivi: "Namtunza mwanangu mwenye ulemavu wa akili, mwenye miaka 34. Msimu wa kulinda mpunga hana mtu wa kushinda naye. Naomba utembelee kaya yetu, upime mahitaji yake, na utuandikie mpango wa msaada." Apeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, airudishe nyumbani. Barua isiyo na muhuri hukanwa.

Aulize pia kuhusu mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ni fungu la watu wenye ulemavu. Afisa Maendeleo ya Jamii ndiye mwenye masharti na fomu.

Akizungushwa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu asiye na uwezo kusaidiwa bure. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kumtetea, lakini atamshauri, atamwandikia barua na kumwelekeza pa kwenda. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko bila ada. Kwa sauti ya pamoja kuna SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini.

Wakati barua inasafiri, kitongoji kinaweza kuanza. Nyumba tano zikigawana siku, kila moja inashinda naye siku moja kwa juma. Anapura mpunga kwa huyu, anapukuchua mahindi kwa yule, jioni anarudishwa kwao. Hiyo si sadaka, kwa sababu sheria imeitaja jamii kwa jina kati ya wenye wajibu.

Tumezoea kusema "hujafa hujaumbika", na ni kweli. Ila msemo huo unakutaka umwonee huruma mwenzio kwa kuogopa yatakayokupata wewe. Sheria haikungoji uogope. Inauliza tu, leo, ufunguo wa chumba chake uko mfukoni mwa nani.