Mzigo wa Msafiri wa Miguu: Hesabu ya Kilo Moja

Katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, imo njia ya miguu yenye urefu wa kilomita 3,500 hivi, inayoanzia mlima Springer katika jimbo la Georgia na kuishia kilele cha Katahdin katika jimbo la Maine. Anayekusudia kuimaliza kwa safari moja hutumia miezi mitano hadi saba. Mara nyingi msafiri mgeni hufungasha kwa kufuata hofu zake: anayeogopa njaa hujaza makopo, naye anayeogopa giza hubeba tochi tatu. Kilomita 50 tu baada ya mwanzo, mahali paitwapo Neel Gap, lipo jengo la mawe ambalo njia yenyewe hupita katikati yake. Kwa miaka mingi wauzaji wa duka la hapo waliwasaidia wasafiri kumwaga vitu vyao vyote, kuvipima, na kurudisha nyumbani kwa posta visivyohitajika.

Wasafiri hao hawakuhitaji kushawishiwa sana, kwani kabla ya kufika hapo huwa wamepanda mlima Blood, wenye kimo cha mita 1,358, kisha wakateremka mita 400 hivi. Kupanda huchosha moyo na mapafu. Kuteremka ndiko kuumizako magoti, kwa sababu misuli ya mapaja hufanya kazi ya breki huku ikinyooshwa.

Gharama ya mzigo yaweza kukadiriwa kwa hesabu ya darasani. Kuinua kilo moja kwa mita moja huhitaji juli 9.8. Miinuko yote ya njia hiyo ikijumlishwa hukadiriwa kufikia mita 140,000. Basi kilo moja huhitaji juli 1,372,000. Lakini misuli hugeuza kuwa kazi robo tu ya nishati ya chakula, au pungufu. Sehemu iliyobaki hutoka kama joto. Kwa hiyo mwili hutumia megajuli 5.5 hivi. Kwenda mbele nako si bure: hugharimu takriban kilojuli 2 kwa kila kilo katika kila kilomita, yaani megajuli 7 kwa njia nzima. Jumla ni megajuli 12.5, na kilo moja ya unga wa mahindi ina megajuli 15 hivi. Hivyo aliyebeba kilo kumi asizozihitaji atakula zaidi ya kilo nane za unga kwa ajili yake, na unga huo nao sharti ubebwe.

Je, kila mzigo hugharimu sawa? Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake Wakikuyu na Waluo wa Kenya, waliozoea kubeba mizigo kwa kamba ya kipajini au kichwani. Ilionekana kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nishati; gharama ilianza kupanda baada ya hapo. Utafiti wa mwaka 1995 ulieleza kwamba miili yao huyumba kama timazi, ikihifadhi vizuri zaidi nishati kutoka hatua moja hadi nyingine. Hata hivyo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu wanawake wa Afrika Kusini haukuona nafuu hiyo kwa wote. Watu walitofautiana mno. Kijana aliyevaa shanta kwa mara ya kwanza asiitegemee.

Uzito wa miguuni ni ghali zaidi, kwani mguu huongezewa mwendo na kupunguziwa katika kila hatua. Kilo moja iliyo kwenye viatu hugharimu karibu mara tano ya kilo iliyo mgongoni. Emma Gatewood, aliyeimaliza njia hiyo mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 67, alivaa raba za kitambaa na kubeba mfuko aliojishonea, ambao mara nyingi haukuzidi kilo 9. Hakuwa na hema. Alichukua blanketi, koti la mvua na pazia la plastiki la bafuni.

Mfano wake usiigwe kijinga. Theluji huweza kuanguka katika milima ya Georgia hata mwezi Machi, na nguo ya pamba iliyolowa huupokonya mwili joto haraka. Mavazi makavu ya kulalia na kinga ya mvua visipunguzwe. Vipunguzwe kwanza vitu vizito kabisa, navyo ni shanta lenyewe, hema na mfuko wa kulalia. Kuchagua vyepesi huokoa kilo kadhaa, ilhali kukata mpini wa mswaki huokoa gramu chache tu na kumfurahisha mwenyewe. Maji nayo yana kilo moja kwa lita: penye chemchemi nyingi, dawa ya kuyasafisha ni nyepesi kuliko chupa ya pili.

Zoezi: Wanafunzi wapime kwa mizani kila kitu kilichomo katika mikoba yao ya shule, waandike gramu zake katika jedwali, na mbele ya kila kitu waandike siku ya mwisho kilipotumika. Kisha watafute jumla ni asilimia ngapi ya uzito wa mwili wa kila mmoja, na wapige hesabu ya juli zinazohitajika kuipandisha ngazi ya shule kwa muhula mzima.